Nasra, Salha na Nyumba ya Susu

Mwende alinipigia simu nikiwa soko la Kibwezi, nikibishana na mwanamke mmoja juu ya nyanya zilizoiva kupita kiasi, akaniambia kwamba Susu ametuacha. Alisema kwa sauti kavu, kama mtu anayetangaza mkutano wa wazazi, kisha akaomba nikasome historia ya marehemu siku ya mazishi kule Mutomo, kwa sababu mimi ni mwalimu na sauti yangu haihitaji maikrofoni. Sauti yangu imesemwa mengi maishani; hilo nililichukua kuwa pongezi. Jioni hiyo alinitumia maandishi yenyewe kwa simu. Niliyasoma nimekaa jikoni, miwani puani, na nilipofika katikati nikahisi hasira ya zamani ikinipanda. Yalisema Susu alizaliwa, akaokoka, akaolewa, akafiwa na mume mapema, akalima ndengu, akatumikia kanisa, na kwamba Mungu alimjalia mtoto mmoja, Mwende. Jina la Kalekye halikuwemo. Nilirudi juu nikasoma tena polepole, kama ninavyosoma insha ya mwanafunzi ninayetamani kumwongezea alama, na bado halikuwemo.

Nilikaa katika nyumba hiyo mwaka mmoja, mwaka wangu wa mwisho wa sekondari. Kwa nini sikukaa kwetu ni habari ndefu isiyo na faida hapa. Itoshe kusema kwamba shule ilikuwa ya kutwa, na Susu alikuwa na nafasi. Susu ni nyanya kwa Kikamba. Hakuwa nyanya yangu wa damu, ila kumwita vinginevyo kungekuwa kukosa adabu. Nafasi yenyewe ilikuwa nusu ya chumba. Nusu nyingine ilikuwa ya magunia ya ndengu yaliyochanganywa na majivu kuzuia wadudu, hata leo nikisikia harufu ya majivu makavu nakumbuka kuamka mle ndani nikipiga chafya. Kitanda kilikuwa kimoja, na nililala upande wa ukutani. Katikati alilala Mwende, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea, na upande wa mlangoni alilala mama yake, Kalekye.

Kalekye alikuwa mke wa Susu. Msomaji wa kwetu hatashangaa, lakini wengine niwaeleze. Mume wa Susu alikufa kabla hawajapata mtoto, na kwa Wakamba wa zamani mwanamume aliyekufa bila mtoto jina lake limekwisha kabisa. Mila inamruhusu mjane wake kupeleka mbuzi wa mahari kwa watu na kuoa msichana, ili watoto atakaowazaa msichana huyo wahesabiwe kuwa wa marehemu. Mke wa namna hiyo tunamwita iweto. Mwanamume anayemzalisha hana neno juu ya mtoto, na iweto mwenyewe akichoka akaondoka, mtoto anabaki palipotoka mbuzi. Kanisani jambo hilo halikupendwa. Wanawake wa ushirika walimsalimu Susu kwa mikono miwili na Kalekye wakamsalimu kwa kidevu, tena wakiwa wanapita.

Wawili hao hawakufanana kwa lolote. Susu alikuwa mrefu, mkavu, mtu wa kusema neno moja pale wengine wangesema kumi, na hilo moja likawa amri. Kalekye alicheka hadi akasikika kwenye mchanga wa mto ambako wanawake walichimba maji, akampa kila mtu jina la utani, punda wetu akiwemo, ambaye alimwita Chifu. Aliacha shule kidato cha pili na hakupenda kuulizwa sababu. Sisi watatu tulichanganya Kikamba na Kiswahili, kwa kuwa Susu alikuwa ameuza ndengu Kibwezi miaka mingi na Kiswahili cha soko alikuwa nacho cha kutosha kumtukana mtu.

Riwaya tuliyotahiniwa mwaka huo ilikuwa ya zamani, ya pwani, na nakala za shule zilikuwa zimepita mikononi mwa wengi hadi zikakosa majalada. Ndani yake kuna wake wawili wa ndugu wawili, wanaoishi kwa mama mkwe mmoja. Nasra ni mpole, anaamka wa kwanza, anavumilia kila neno. Salha anacheka mdomo wazi, anapenda marashi, anamjibu mama mkwe, na katikati ya kitabu anamweka mtoto wake kwenye mkeka, anajipaka marashi na kuondoka. Mwalimu wetu, Nzioka, ambaye alivaa sweta hata jua la Mutomo likitupasua vichwa, aligawa ubao kwa mstari wa chaki. Kushoto Nasra: mvumilivu, mwenye utu, mwaminifu, mlezi. Kulia Salha: mbinafsi, mkaidi, mwenye tamaa, katili. Tulinakili. Swali la kuwalinganisha hao wawili, alisema, haliwezi kukosa kwenye mtihani, na atakayelikosa asimwite mwalimu wake tena.

Nilianza kuisoma riwaya ile nyumbani kwa sauti kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kusomea. Nikitoka shule Kalekye alikuwa akitwanga muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa ambayo bila hayo Mkamba anaona hajala, naye Susu alikuwa akisuka kyondo mlangoni. Nilikaa kwenye kigoda katikati yao. Siku za kwanza walinikatiza kila mstari. Udi ni nini? Kwa nini hawa watu wanakula samaki kila siku na hawachoki? Baadaye walinyamaza wakasikiliza, na baadaye zaidi wakawa hawawezi kungoja. "Hiyo kitabu inasema nini leo?" Kalekye aliniuliza kabla sijatua mfuko. Ajabu ni kwamba Susu, ambaye nilidhani angempenda Nasra, hakumpenda hata kidogo. "Huyo analia kwa pembe ya leso tu," alisema. "Mtu wa kulia hivyo, ng'ombe wake watakufa." Salha alipomjibu mama mkwe, Susu alitikisa kichwa, lakini nilimwona akiuma mdomo wa chini ili asicheke. Hizo ndizo jioni nzuri za mwaka ule, na zilikuwa chache.

Mambo yaliharibika kwa ajili ya mtoto wa pili. Nilisikia mazungumzo nikiwa nafua nyuma ya zizi la mbuzi. Susu alikuwa na Kimanzi, mtoto wa kaka ya marehemu mumewe, kijana mwenye baiskeli na sauti nzito. "Msichana ataolewa aende," Susu alisema. "Nikifa mimi, hapa patakuwa kichaka. Watu watapita waseme, kulikuwa na boma ya nani hapa? Na hakuna atakayejua." Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa pamoja. Aliogopa, na ilinishtua kuona kwamba anaweza kuogopa. Kimanzi alimwambia kuna Mutiso, mchinjaji wa sokoni, mwenye wavulana watupu nyumbani kwake. Mutiso alikuja Jumapili iliyofuata baada ya ibada, akala muthokoi yetu na shingo ya mbuzi, akamtazama Kalekye kuanzia miguuni kwenda juu kama anavyotazama mnyama kabla ya bei. Kalekye alipeleka maji ya kunawa, akayamwaga kidogo kwenye viatu vya mgeni, hakuomba radhi.

Tangu siku hiyo hawakusemezana wazi tena. Walisemezana kwa riwaya. Nikifungua kitabu, Susu alisema bila kuinua macho kutoka kwenye kyondo, "Nasra angeambiwa angekubali." Kalekye aliinua mchi. "Mwaitu, si ni wewe ulisema Nasra anakuboesha?" Mwaitu ni mama, na hata katika ugomvi hakumwita vingine. "Na Salha angesema, kama huyo mwanaume ni mzuri hivyo, wewe mwenyewe umchukue." Susu alisema kwamba watu wa namna ya Salha huishia barabarani. Nami nilikaa pale katikati, mtoto wa watu, nikisoma maneno ya mtu ambaye hakuwahi kukanyaga Mutomo, na kila sentensi niliyotamka waliivamia wote wawili. Tulipofika mahali Salha anapomwacha mtoto, Kalekye aliweka mchi chini. "Kisha?" aliuliza. Nilimwambia hatajwi tena. "Lakini kurasa bado ni nyingi!" Nilimwambia ni nyingi, ni za Nasra na mtoto. Akamvuta Mwende mapajani. Susu alisema wazi, safari hii bila kupitia kitabu: "Na wewe ukienda, mtoto ni wa nyumba hii. Unajua." Kalekye alisema anajua.

Siku moja nilimuuliza Mwalimu Nzioka darasani, mwandishi alijuaje kwamba Salha hakumpenda mwanawe. Nasra tunaingizwa moyoni mwake kila sura; tunajua anachoota, anachoomba, hata anachokumbuka akichambua mchele. Salha tunamwona kwa nje tu, na mara nyingi kwa midomo ya majirani: alivaa hivi, alicheka vile, alisikika akisema hili. Mwandishi hakuingia ndani yake hata mara moja, sasa huo ukatili aliuona wapi? Darasa lilicheka. Mwalimu alifuta miwani kwa sweta. "Mutheu," aliniambia, "hata mimi nimewahi kujiuliza. Lakini atakayesahihisha karatasi yako hatakuwa Mutomo. Andika katili." Nimefundisha riwaya nyingi tangu wakati huo, na sijapata tofauti kubwa kati ya wahusika kuliko hii: yule anayefunguliwa moyo na yule anayesimuliwa na majirani. Wa kwanza husamehewa karibu kila kitu.

Kalekye aliondoka Jumamosi, asubuhi, Susu akiwa mtoni na punda. Nilikuwa jikoni nikipuliza moto. Aliingia, akachukua viazi vilivyobaki sufuriani, akavitia kwenye kyondo pamoja na nguo chache, kisha akainama na kumfunga Mwende mgongoni kwa leso, akaikaza mara mbili. Alikuwa mtulivu, hata akanitania kuhusu moshi kwenye macho yangu. "Salha alikosea kitu moja tu," alisema. Nilimuuliza kipi. "Kuacha mtoto." Akatoka, akashika njia ya Ikutha inayokwenda Kibwezi. Nilisimama mlangoni nikitazama kichwa cha Mwende kikicheza juu ya leso mpaka walipopita shamba la jirani. Nilifurahi. Nataka hilo lijulikane: nilifurahi sana, nikadhani mambo yamekwisha vizuri.

Susu aliporudi hakupiga kelele. Alifungua mitungi, akamimina maji, akamfunga punda, akaniambia nikamwite Kimanzi. Alinitazama usoni na kusema, "Usiposhika njia, nitakwenda mwenyewe." Nilikwenda. Kimanzi na ndugu yake walipanda baiskeli, na jua lilipoanza kuinama walirudi, Mwende amekaa mbele ya Kimanzi, mikono yake imeshika usukani. Leso haikuwepo. Susu alipasha maji akamwogesha mtoto, akamvalisha fulana yake yeye mwenyewe iliyomfika miguuni, akamnywesha uji. Kulipokucha nilisikia mchi, nikatoka mbio nikidhani Kalekye amerudi. Alikuwa Susu, na mikono yake ya uzee, anatwanga.

Wiki iliyofuata aliniambia nimalizie kile kitabu. Sikutaka, nikamwambia sina nafasi, akasema atangoja. Basi nilimsomea, nikiwa nimenuna, sura zote zilizobaki, namna Nasra anavyomlea yule mtoto, namna mtaa mzima unavyomsifu, hadi ukurasa wa mwisho ambapo mtoto amekuwa mkubwa na anambusu mkono. Susu alisikiliza bila kusuka. Mwende alikuwa amelala miguuni pake. Nilipofunga aliuliza, "Mtoto alipouliza mama yake, Nasra alimwambia nini?" Nilimwambia kitabu hakisemi. "Hakisemi?" "Hakisemi, Susu." Alikaa kidogo akisugua goti, kisha akaenda kufungia mbuzi. Mtihani ulipofika, swali lilikuja kama Mwalimu alivyotabiri, nikaandika katili, nikapita, nikaondoka Mutomo na sanduku langu la bati. Kalekye nilimtafuta kwa macho kila nilipopita Kibwezi, na baadaye Makindu nilikopangiwa kazi yangu ya kwanza. Nilitazama wanawake waliouza vitunguu kando ya barabara ya Mombasa, nilitazama foleni ya wasafiri wanaokula bure kwenye hekalu la Masingasinga, nikawagusa mgongoni na kuwasimamisha mmoja au wawili waliocheka kama yeye. Sikumpata.

Siku ya mazishi nilifika mapema. Siku hizi ni lami tupu kutoka Kibwezi, safari niliyoikumbuka kuwa ya siku nzima inaisha kabla kiti hakijapata joto. Hapakuwa kichaka. Mwende alijenga nyumba ya mawe palepale, ana wavulana watatu, na wote walikuwa wamevaa suti, wanapanga viti vya plastiki chini ya hema. Nilimkuta chumba cha nyuma akifunga kilemba. Amekuwa mrefu, ana kidevu cha Kalekye kabisa, na sijui kama kuna mtu amewahi kumwambia hivyo. Aliniuliza kama kuna makosa kwenye ile historia.

"Ya kuandika hakuna," nilimwambia. "Ila kuna mtu hayumo. Kalekye."

"Huyo nimtaje kwa nini?" Hakukasirika. Alisema kama mtu anayesoma kitu alichokariri zamani. "Mwalimu, huyo mama aliniweka kwa mkeka, akajipaka marashi, akaenda zake. Susu alinitoa hapo. Nilikuwa mdogo hata sijui kusema njaa."

Niliketi kitandani. Katika nyumba ile hapakuwa na mkeka. Tulikalia magunia na vigoda. Hapakuwa na marashi, hata chupa tupu. Nilimwona Susu akisugua goti, na nikaelewa kwamba jibu ambalo kitabu kilikataa kumpa, alikwenda akalichukua mlemle kitabuni, na kwamba mtoto huyu amelala na kuamka na uongo huo hadi amekuwa mama wa watoto. Nilimpenda yule mzee, sikatai, alinipa uboho wa mifupa wakati yeye anakunywa mchuzi. Lakini pale kitandani nilimchukia, na jeneza lake liko sebuleni.

"Mwende," nilisema, "nani alikuambia hayo?"

"Susu mwenyewe. Kila nikiuliza."

Nikamweleza. Nilimweleza leso iliyokazwa mara mbili, viazi, njia ya Ikutha, baiskeli. Nilimweleza kuhusu Mutiso. Nikamweleza kuhusu riwaya, na Salha, na mkeka ni wa nani, na hapo aliweka mkono ukutani. Nilitegemea alie. Aliniuliza tu, "Una uhakika?" Nikamwambia nilikuwa mlangoni. "Kwa hivyo nimemchukia bure," alisema. "Hata mtoto wangu wa kwanza nilipomzaa, nilimchukia siku hiyo kuliko siku zote. Nilisema, sasa mtu anawezaje?" Mhubiri alibisha mlango, akasema muda umefika. Mwende alimalizia kilemba chake mbele ya kioo, akakiweka sawa pande zote mbili, akaniambia nisome kama ilivyoandikwa.

Nilisoma. Alizaliwa, akaokoka, akaolewa. Watu walikuwa wengi, na wale wanawake wa ushirika waliosalia walikuwa mstari wa mbele, wamevaa vitambaa vyeupe kichwani. Nilipofika pale Mungu alipomjalia mtoto, Mwende alisimama, akaja akashika maikrofoni ambayo kumbe nilipewa licha ya yote. "Mimi nilizaliwa na Kalekye," alisema. "Leo nimeambiwa hakunitupa. Nimeambiwa nilitolewa mgongoni mwake barabarani. Huyu tunayezika ndiye alinilea, na nitamzika vizuri. Lakini kama kuna mtu hapa anajua kile kilifanyika siku hiyo, aseme sasa, kabla hatujaenda kwa kaburi."

Mhubiri alianza wimbo, hakuna aliyeitikia, akaacha. Mwishowe nilisikia kiti kikikwaruza nyuma, na Kimanzi akasimama, mzee sasa, anashikilia bega la mjukuu wake. Ile sauti nzito haikuwepo tena. Ilibidi tuinue masikio.

"Ni mimi," alisema. "Mimi na ndugu yangu, na yeye alishakufa. Tulimpata karibu na Ikutha. Alikataa kufungua hiyo leso. Tuliikata na kisu. Tukamwambia, wewe rudi ama uende, lakini mtoto ni wa nyumba. Hakusema kitu. Tukaenda."

"Na yeye mlimwacha akifanya nini?" Mwende aliuliza.

"Alikuwa amekaa chini, hapo kwa barabara."

"Akiangalia wapi?"

Kimanzi alimtazama. Mjukuu wake alimvuta suruali akitaka akae.

"Kwa baiskeli," alisema. "Niligeuka mara nyingi. Mpaka tulipoingia kona, alikuwa anaangalia baiskeli."

Mwende alishukuru, kama anavyoshukuriwa yeyote aliyetoa salamu za rambirambi. Akanirudishia maikrofoni, akaketi kwenye kiti chake cha mbele, karibu na jeneza, na kunyoosha sketi yake magotini. "Endelea, Mwalimu," aliniambia. Zilikuwa zimebaki aya mbili, za ukarimu wa marehemu na upendo wake kwa watoto. Nilizisoma zote.